Hai, Lakini Haziendi

Kaka Basili,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini katika maisha yangu sijawahi kuanza kuongea nawe bila salamu hiyo, hata siku nilizokuwa nimekukasirikia. Sioni sababu ya kubadilika leo.

Ni miezi saba tangu tukuzike hapa Tlawi. Nakupa habari kama ninavyompa mhariri wangu, zile za uhakika kwanza. Paskalina mkeo ni mzima. Kitunguu saumu alichopanda peke yake kimekomaa, sasa kinakauka darini na nyumba nzima inanuka. Mtungi wako wa kuhifadhia mbegu za madume amekabidhiwa mtaalamu mwingine wa kupandisha ng'ombe, lakini wafugaji wa Getanuwas, kule Hanang, bado wanapiga namba yako. Simu anayo Paskalina. Anawaambia umefariki, wanampa pole, halafu wanaomba namba ya huyo mwingine. Mzee Gidamis peke yake hakuomba namba. Aliuliza, "Sasa ng'ombe wangu watazaa na nani?" Paskalina alicheka, kaka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu mazishi.

Habari mbaya ni hii. Baba mkubwa Sulle aliitisha kikao cha ukoo mara tu baada ya arobaini yako. Hoja ilikuwa moja: Paskalina hakukuzalia. Miaka kumi na tisa ya ndoa bila mtoto. Kwa hiyo shamba lirudi kwenye ukoo, alilime Yohana, mtoto wa Baba mkubwa, na mkeo arudishwe kwao Masieda kwa heshima. Neno hilo la heshima walilitumia sana. Muda wote huo Paskalina alikuwa jikoni akiwapikia hao hao waliokuwa wanamjadili, na mlango ulikuwa wazi. Waliahirisha uamuzi mpaka kitunguu kivunwe. Yohana hakungoja. Wiki iliyofuata alipanda mstari wa mkonge katikati ya shamba lako, kama mpaka.

Mimi nilikuwepo kwenye kikao hicho. Nimefanya kazi ya habari miaka ishirini na sita, na nimewauliza wakubwa maswali ambayo yaliwafanya waombe maji ya kunywa. Siku ile sikuuliza hata moja. Sababu ni kwamba na mimi niliamini. Unakumbuka ile Krismasi tulipokuwa tunachuna mbuzi nyuma ya nyumba? Nilikuambia hata padri angeelewa ukitafuta mtoto nje. Ulikohoa kile kikohozi chako, ukatema, ukasema, "Wewe kaandike habari." Ukaendelea kuchuna. Nilidhani umekwepa kwa sababu unampenda. Sikufikiria kwamba unajua kitu.

Baada ya kikao Paskalina alinipa lile sanduku lako la bati nitafute karatasi ya shamba. Karatasi haikuwemo. Nilikuta picha zako za eksirei, saba, zimefungwa kwa kamba, na daftari zako za kupimia madume. Nilizisoma zote, maana kusoma daftari za watu ndiyo kazi inayonilisha. Mwandiko wako ni mzuri. Jina la mwenye dume, rangi yake, kijiji, halafu ulichoona kwenye hadubini: zinaenda mbio, zinaenda polepole, nyingi zimekufa. Ukurasa baada ya ukurasa, madume ya Getanuwas yamepangwa kama wanafunzi na alama zao.

Kisha nikakuta dume moja lisilo na mwenyewe. Uliandika hivi: "Dume, Tlawi. Mbegu nyingi. Hai. Haziendi." Miezi miwili baadaye, tena: "Dume, Tlawi. Nyingi. Hai. Haziendi." Na mara ya tatu, mwaka uliofuata: "Nimepaka dawa nyekundu mara mbili. Zilizokufa hunywa rangi. Hizi hazikunywa. Ziko hai, lakini haziendi. Sielewi."

Tlawi hukuwahi kupima dume la mtu. Ng'ombe wote uliowahudumia walikuwa kule chini, Hanang. Nilifunga daftari. Nikalifungua tena nikaangalia tarehe. Ilikuwa mwaka wa sita wa ndoa yako.

Ulijipima mwenyewe, kaka. Ulifunga mlango wa kile chumba chako cha kazi, ukakaa mbele ya hadubini, ukajiandika kwenye foleni moja na madume ya Mzee Gidamis, kwa kipimo kile kile, bila kujipunguzia. Kama mwandishi, hapo nilikuvulia kofia. Kama mdogo wako, nilikaa kwenye lile sanduku nikausoma tena ukurasa ule.

Neno "sielewi" ndilo lililonitoa nyumbani. Nilichukua daftari na picha, nikampelekea daktari wa mapafu niliyewahi kumhoji zamani. Ni mama wa makamo, anaongea kidogo, na hapendi kunukuliwa. Nilimweleza kikohozi chako cha tangu utotoni, kamasi zisizoisha, na dozi mbili za kifua kikuu ulizomaliza ingawa makohozi yako hayakuwahi kuonyesha mdudu. Alibandika picha ya kwanza kwenye taa. Nikamwambia, "Daktari, hiyo umeigeuza." Nilijua, maana kila ulikopelekwa walisema hivyo hivyo: fundi wa picha kakosea, kageuza filamu. Wewe mwenyewe ulifanya utani, ukasema hospitali zote za mkoa huu mafundi wao ni wa mkono wa kushoto.

Daktari hakuigusa. Alisema, "Soma hiyo herufi." Kwenye kona kulikuwa na herufi ya chuma inayowekwa upande wa kushoto wa mgonjwa wakati wa kupiga picha. Ilisomeka sawasawa. Aliigeuza filamu ili moyo ukae kushoto, na herufi ikawa kama maandishi yaliyo kwenye kioo. Akabandika ya pili. Ya tatu. Zote saba. "Mafundi saba hawakosei kwa namna moja," alisema. "Huyu moyo wake ulikuwa kulia."

Kisha akasoma daftari lako. Alirudia ukurasa ule wa tatu. Akaniuliza, "Aliyeandika hapa alisomea wapi?" Nikamwambia chuo cha mifugo. Akasema, "Angenifaa hapa."

Sasa nakuletea jibu, na nitakueleza kama alivyonieleza, maana ungetaka kujua kila kipande.

Shuleni tulifundishwa kwamba seli ni kama mfuko wa maji wenye kiini katikati. Tulichora duara, tukaweka nukta, tukapata alama. Daktari alisema mchoro ule umeacha kitu kikubwa. Ndani ya kila seli kuna kiunzi. Kuna nyuzi nyembamba sana zilizosukana chini ya ngozi ya seli, ambazo huvuta na kusukuma. Ndizo zinazofanya misuli ikaze, na ndizo zinazoiwezesha seli nyeupe ya damu kutambaa kumfuata mdudu. Kuna nyuzi nyingine ngumu kama kamba, kazi yake kuzuia seli isipasuke ikivutwa. Za jamii hiyo, zikijazana na kukauka, ndizo zinatupa kucha, kwato na pembe. Na kuna mirija. Mirija hiyo imejengwa kwa punje za protini zilizopangwa moja juu ya moja, na katika seli iliyo hai huwa inajengwa upande mmoja na kubomolewa, mchana kutwa, bila kusimama. Seli ikitaka kugawanyika, inabomoa mirija iliyokuwepo na kujenga mingine, inayokamata nyuzi za urithi na kuzitenga huku na huku, sawa kwa sawa. Ikimaliza inaivunja.

Nilimuuliza nani anasimamia. Alisema hakuna.

Ila kitu kilichonifanya niache kuandika ni hiki. Juu ya mirija hiyo kuna protini zinazotembea. Zina miguu miwili. Zinabeba mzigo mgongoni, mfuko mkubwa kuliko zenyewe, na zinakanyaga hatua moja moja juu ya mrija, mguu huu halafu huu. Hatua moja ni sehemu nane za milimita iliyogawanywa mara milioni. Kwenye mshipa wa fahamu unaotoka kiunoni mpaka kidole cha mguu, mzigo unasafirishwa hivyo njia nzima, kwa miguu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikimsikiliza, na ndani ya mguu wangu uliokuwa umekufa ganzi wapagazi walikuwa njiani. Nimeandika habari za mafuriko, za uchaguzi, za watu waliofukuliwa udongoni wakiwa hai. Sijawahi kuandika kitu kikubwa namna hiyo, na kilikuwa chini ya soksi yangu.

Halafu akafika kwako. Mkia wa mbegu ya dume ni mirija hiyo hiyo. Ukiukata katikati na kuuangalia kwa mashine yenye nguvu, utakuta jozi tisa za mirija zimepangwa duara, na mirija miwili katikati. Kwa dume, kwa mtu, kwa kondoo, hesabu ni ile ile. Kila jozi ina vijimkono, na vijimkono hivyo hushika jozi ya jirani na kuivuta. Jozi hii ikivuta ile, mkia unapinda. Ikiachia, unapindukia upande wa pili. Ndiyo kuogelea. Vijimkono vikikosekana, mirija yote ipo, mbegu iko hai, inakula na kupumua, lakini haiendi. Uliandika sawa kabisa. Ulikuwa umebakiza neno moja tu la mwisho, na neno hilo halikuwa ndani ya uwezo wa hadubini yako.

Vinyweleo vya ndani ya pua na mapafu, vile visivyoonekana kwa macho matupu, vimejengwa hivyo hivyo, jozi tisa na mbili katikati, kwa vijimkono vile vile. Kazi yake ni kusukuma uchafu na makohozi juu, yatoke. Vyako vilisimama. Ndiyo sababu ulikohoa tangu unanyonya mpaka siku ile mapafu yalipokushinda. Haikuwa kifua kikuu, wala vumbi la Hanang, wala mtu mbaya kama Shangazi Agata alivyokuwa akinong'ona.

Na moyo? Hapo daktari mwenyewe alipunguza sauti. Alisema mtoto akiwa tumboni wiki ya tatu au ya nne, mama pengine hajajua ana mimba, kijusi hicho ni kama jani dogo na hakina kushoto wala kulia. Kwenye kijishimo kimoja kuna vinyweleo vichache vinavyozunguka, vinasukuma maji upande mmoja. Maji yakielekea kushoto, mwili unajua: huku ndiko moyo utakaa. Vinyweleo visipozunguka, maji yanatulia, na mwili unachagua bila kuambiwa. Nusu ya watoto wa namna hiyo moyo unakaa kushoto kama kawaida, nusu unakwenda kulia. Wewe ulikwenda kulia, na ini, na tumbo, vyote vikabadilishana nafasi bila kugombana.

Daktari hakusema "ni hakika". Alisema inaelekea sana, maana kipimo cha mwisho kinataka mtu aliye hai. Naandika hivyo kwa sababu ungenisahihisha.

Kabla sijaondoka alinikwangua ndani ya pua kwa kijiti, machozi yakanitoka, akapaka kwenye kioo na kuniambia nichungulie. Niliona ukingo wa seli zangu, na juu yake vinyweleo vinapiga. Ulikuwa kama shamba la ngano la Hanang upepo unapopita, mawimbi yanafuatana. Lakini pale hakukuwa na upepo. Kila kinyweleo kilikuwa kinajivuta chenyewe. Viliendelea kupiga juu ya kioo, nje ya mwili wangu, vikisukuma vumbi ambalo halikuwepo. Nilichungulia mpaka daktari akaniambia ana wagonjwa wanasubiri.

Nilirudi Tlawi nikiwa na habari kubwa na sikujua namna ya kuifikisha kwa Paskalina. Nilimkuta darini anageuza kitunguu. Nikaanza mbali, nikazunguka. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye daftari, akasema, "Nilichungulia mwenyewe, shemeji. Alinipisha kwenye kiti chake."

Alijua. Miaka kumi na tatu. Alisema ulilia, na kwamba ulitaka kuwaambia wazee, naye ndiye aliyekuzuia. Alikuambia hivi, namnukuu: "Unaingia kwenye mazizi ya watu kupandisha ng'ombe wao. Wakijua hili watakucheka mpaka uache kazi. Mimi silimi kwa kusifiwa. Waache wanicheke mimi." Nawe ulikubali.

Nilikukasirikia siku mbili, Kaka. Nakuambia wazi. Mtu anayeandika ukweli kuhusu dume la kila mtu, akaacha mkewe aitwe mgumba kwenye ngoma, kanisani, kisimani. Nilimwambia Paskalina hivyo. Akaendelea kugeuza kitunguu. "Usimkasirikie," alisema. "Mimi nilichagua. Wewe ulikuwa unacheka pamoja nao, na hakuna aliyekuomba."

Neno hilo nimeliweka hapa kama lilivyosemwa.

Nilimuuliza kama naweza kulisema kwenye kikao. Alisema alikuahidi kuificha siri hiyo ukiwa hai, na kwamba wafugaji wa Getanuwas sasa hawawezi kukufukuza kazi. "Sema. Lakini useme yote, usiseme nusu ya kunionea huruma."

Kikao kilikuwa Jumamosi iliyopita. Nilisimama nikiwa na picha zako saba, nikazibandika dirishani kwa gundi ya karatasi ili mwanga upite. Baba mkubwa alisema, "Mwandishi katuletea gazeti la mifupa." Watu wakacheka. Nikasema yote: daftari, hadubini, mbegu, vinyweleo, mirija. Niliwaambia jozi tisa na mbili katikati, nikaona nimewapoteza. Yohana akauliza kwa nini aamini vitu visivyoonekana vilivyo ndani ya marehemu ambaye hawezi kujitetea. Lilikuwa swali zuri. Mimi mwenyewe ningeliuliza. Picha, alisema, kila mtu anajua ziligeuzwa.

Nilikuwa na chanzo kimoja, na Yohana alijua.

Hapo ndipo Shangazi Agata alipoongea kutoka pembeni, alikokaa na wanawake. Hakusimama. Alisema, "Hazikugeuzwa." Alisema wewe ukiwa mtoto wa miezi, mama yetu alipokuwa anakwenda shamba, yeye ndiye alikuwa anakupaka mafuta kifuani kwa ajili ya kikohozi. "Mkono wangu ulikuwa unagongwa huku," akasema, akaweka kiganja upande wa kulia wa kifua chake. "Nilimwambia mama yao. Akanikataza nisiseme kwa mtu, wasije wakasema mtoto ni wa ajabu. Nikanyamaza. Baadaye nikadhani nimeota." Miaka yote ile ya kunong'ona habari za mtu mbaya, nadhani alikuwa anatafuta maelezo ya kiganja chake.

Hakuna aliyecheka. Baba mkubwa alikwenda dirishani akasimama mbele ya picha yako, mkono wake juu ya kifua chake mwenyewe, akautafuta moyo. Nao wazee wawili wakafanya vile vile. Niliwaona, watu wazima katika makoti yao ya baridi, wanajishika vifua kimya wakihakikisha upande.

Kisha akageuka, akauliza, "Paskalina, kwa nini hukusema?"

Mkeo alikuwa mlangoni ana sufuria mkononi. "Mngemwacha kwa amani?" aliuliza. Baba mkubwa akamwambia Yohana, "Kang'oe ule mkonge." Yohana akasema atang'oa wiki ijayo. Akaambiwa, "Sasa hivi. Chakula utakikuta." Alitoka na jembe. Amekasirika na hajatusalimu mpaka leo.

Paskalina anabaki. Jumatatu ninakwenda naye ofisi ya kijiji, shamba liandikwe jina lake, na wazee wawili wamekubali kuweka sahihi. Nitakaa kwenye benchi naye mpaka muhuri ugongwe. Wakitwambia turudi kesho, tutarudi kesho.

Habari imekwishatoka, Kaka. Imefika Getanuwas. Mzee Gidamis alipiga simu jana akaniambia wenzake wawili walicheka, naye akawauliza madume yao yamepimwa na nani. Wengine watacheka zaidi yake. Ulikikwepa kicheko hicho miaka kumi na tatu, na mimi nimekuletea mpaka kaburini. Naomba unisamehe, ila sitaomba radhi kwa kusema.

Ninakuahidi hili moja. Popote nitakapomsikia mtu anasema Paskalina hakuzaa, nitamkatisha, awe mzee, awe padri, awe nani. Nitasema ni kaka yangu Basili, nitataja jina lako lote, na nitaeleza kwa nini mpaka aelewe au aondoke. Nitaeleza bila aibu, maana nimeona kwa jicho langu kazi ile inavyofanywa, na kinachonishangaza siku hizi si kwamba kwako vijimkono vilikosekana. Nashangaa kwamba kwa wengine wote, kila mtoto, kila ndama, vyote huwa vimefika mahali pake.

Pumzika, Kaka. Mkeo anakusalimu. Anasema kitunguu mwaka huu ni kikubwa.

Mdogo wako,
Fidelisi